John Milton, Mshairi Aliyepofuka

Wengi wetu tumelisikia jina la John Milton, yule mshairi Mwingereza aliyetunga utenzi mrefu juu ya Adamu na Hawa na jinsi walivyofukuzwa katika bustani ya Edeni. Lakini si wote wanaojua kwamba utenzi huo aliutunga wakati ambapo hakuweza kuuona hata mkono wake mwenyewe. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba alituachia barua moja inayoeleza, hatua kwa hatua, jinsi macho yake yalivyozimika. Barua hiyo ina faida kwetu hata leo, kwa sababu maradhi ya namna hiyo yangali yanawapofusha watu katika nyumba zetu, na wengi huyatambua wakati umekwisha pita. Basi na tuyatazame maisha ya bwana huyu.

Kuzaliwa na Masomo

John Milton alizaliwa mjini London tarehe 9 Desemba 1608, katika mtaa uitwao Bread Street. Baba yake, ambaye naye aliitwa John, alikuwa mwandishi wa hati za mikopo na mali, na pia mtunzi wa muziki. Mzee huyo alijaliwa macho mazuri, akasoma bila miwani hata uzeeni. Mama yake, Sara, hakujaliwa hivyo. Macho yake yalikuwa dhaifu, akaanza kuvaa miwani mara alipopita umri wa miaka thelathini. Jambo hili tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Mtoto alipenda vitabu kupita kiasi. Tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili ilikuwa nadra kwake kwenda kulala kabla ya saa sita usiku. Alisoma kwa mwanga wa mshumaa, na mara nyingi kichwa kilimuuma. Alipokuwa mtu mzima aliamini kwamba huko ndiko macho yake yalikoanza kuharibika. Alisoma katika shule ya St Paul's, halafu mwaka 1625 akaingia Christ's College, Cambridge, akapata shahada ya kwanza mwaka 1629 na ya pili mwaka 1632.

Jamaa zake walitazamia kwamba angekuwa kasisi. Hakuwa. Alichukizwa na namna maaskofu wa siku zile walivyoliongoza Kanisa la Uingereza, na katika mwaka 1641 na 1642 aliandika vijitabu vikali vya kuwapinga. Sisi Waanglikana hatuna haja ya kulificha jambo hilo. Mtu aweza kuwa aligombana na maaskofu wetu, na sisi bado tukapata la kujifunza kwake.

Mwaka 1638 alisafiri kwenda Ufaransa na Italia. Karibu na mji wa Florence alimtembelea Galileo, yule mtaalamu wa nyota, ambaye alikuwa amefungiwa nyumbani kwa hukumu ya Kanisa la Roma. Galileo alikuwa mzee, na macho aliyoyatumia kutazama mwezi na nyota kwa darubini yalikuwa yamekwisha pofuka. Milton alikuwa kijana wa miaka kama thelathini. Hakuna aliyemwambia kwamba kabla ya miaka kumi na mitano kupita, yeye naye angekuwa katika hali ile ile.

Macho Yaanza Kufifia

Mwaka 1642 vita vilizuka nchini Uingereza kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge. Milton alisimama upande wa Bunge. Mwaka huo huo alimwoa Mary Powell. Mnamo mwaka 1644, alipokuwa na umri wa miaka thelathini na mitano hivi, alianza kuona kwamba macho yake hayana nguvu kama zamani. Hakuyajali sana, akaendelea na kazi.

Mfalme alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649, na mwezi Machi mwaka huo Milton akaajiriwa na serikali mpya kuwa karani wa barua za nchi za nje, ambazo ziliandikwa kwa Kilatini. Mara akapewa kazi nzito. Mwanachuoni mmojawapo mashuhuri wa Ulaya, Salmasius, alikuwa ametoa kitabu cha kuwalaani Waingereza kwa kumwua mfalme wao, na Milton akaagizwa amjibu. Wakati huo jicho lake moja lilikuwa karibu kupotea kabisa. Matabibu walimwonya kwamba akiifanya kazi ile atapoteza na la pili. Alifikiri, akachagua kazi. Kitabu chake kilitoka mwezi Februari 1651, na mwanzoni mwa mwaka 1652 akawa kipofu kabisa. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na mitatu.

Msiba haukuja peke yake. Mwaka huo huo wa 1652 mkewe alifariki siku chache baada ya kumzaa binti yao Deborah, na baada ya wiki chache mtoto wao wa pekee wa kiume akafariki pia. Milton akabaki kipofu, mjane, na mabinti watatu wadogo.

Barua Aliyoiandika

Mwaka 1654 rafiki yake Mgriki, Leonard Philaras, aliyekuwa akiishi Paris, alimwomba aeleze hali ya macho yake ili habari hizo zipelekwe kwa tabibu mmoja hodari wa huko. Milton akajibu tarehe 28 Septemba, naye alieleza kama mgonjwa mwenye akili anavyopaswa kumweleza daktari, bila kuficha wala kuongeza.

Alisema kwamba ilikuwa imepita miaka kama kumi tangu macho yaanze kufifia. Asubuhi alipoanza kusoma, macho yalimuuma ndani kabisa, yakapata nafuu baada ya kutembea kidogo. Alipoutazama mshumaa uliowaka, aliona duara lenye rangi za upinde wa mvua likiuzunguka mwali. Kisha ukungu ukaingia upande wa kushoto wa jicho la kushoto, ukamficha kila kitu kilichokuwa upande huo. Jicho hilo lilitangulia kuharibika, na la kulia likafuata polepole kwa miaka mitatu. Kabla ya giza kuwa kamili, kila alipolala na kufumba macho aliona miali ya mwanga ikitoka. Mwishowe ilibaki weusi uliochanganyika na rangi ya majivu.

Jambo jingine alilolieleza mahali pengine ni hili: macho yake kwa nje yalikuwa safi na yanang'aa. Mgeni asingejua kwamba anazungumza na kipofu.

Madaktari Wanasemaje?

Madaktari wa siku zetu wameisoma barua hiyo na hawajakubaliana. Wengine wanasema ulikuwa ugonjwa wa glakoma, ambao wengi huuita presha ya macho. Wengine wanasema retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ulibanduka. Hao hutegemea ile miali ya mwanga aliyoiona. Wengine wamefikiri juu ya uvimbe uliokandamiza mishipa ya macho karibu na ubongo. Mgonjwa hayupo tena wa kupimwa. Lakini tukiyafahamu magonjwa haya, tutaelewa kwa nini barua ile yafaa isomwe na kila mwenye nyumba.

Tuanze na glakoma. Ndani ya jicho kuna maji safi, ambayo si machozi. Maji haya hutengenezwa kila siku na kutoka kwa vijia vidogo vilivyo pembeni, pale sehemu ya rangi ya jicho inapokutana na kioo cha mbele. Vijia hivyo vikizuiwa, maji hukusanyika, na mkandamizo ndani ya jicho hupanda. Hii si ile presha ya damu. Mtu aweza kuwa na moja bila nyingine. Mkandamizo huo huuharibu mshipa wa fahamu unaochukua habari kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi nyembamba zaidi ya milioni moja, nazo hufa kidogo kidogo. Wako watu ambao mshipa wao huharibika hata kama mkandamizo ni wa kawaida, kwa hiyo daktari hupima mkandamizo na tena huutazama mshipa wenyewe.

Kwa kawaida mgonjwa hupoteza kwanza uwezo wa kuona pembeni. Katikati bado anaona vizuri, anasoma, anamtambua mtu. Jicho moja likipungukiwa, la pili hufidia. Hakuna maumivu, hakuna wekundu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siku mtu anapoanza kujikwaa mlangoni au kugonga kikombe mezani, sehemu kubwa ya mshipa imekwisha kufa, na hakuna dawa ya kuufufua.

Iko pia glakoma ya ghafula. Hiyo huja na maumivu makali ya jicho na kichwa, kutapika, jicho kuwa jekundu, na kuona duara za rangi kuzunguka taa. Mtu wa namna hiyo asingojeshwe hadi kesho. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Tofauti na hiyo ni mtoto wa jicho. Hapo lensi iliyo ndani ya jicho hupoteza uwazi wake, na mara nyingi weupe huonekana katikati ya mboni. Ugonjwa huu ndio unaopofusha watu wengi zaidi duniani, lakini una jambo la kushukuru: daktari huiondoa lensi iliyoharibika, akatia nyingine, na mtu akaona tena. Glakoma huiba kisichorudishwa. Ndiyo maana haifai kumwona mzee hawezi kuona, tukasema ni mtoto wa jicho tu, angoje akomae. Huenda siye.

Retina kubanduka huanza mara nyingi kwa miali kama ya radi na vidoa vingi vinavyoelea, kisha kama pazia linashushwa. Nayo ni ya kukimbilia hospitali, maana upasuaji wa mapema waweza kuliokoa jicho.

Sasa turudi kwa mama yake Milton. Hatuwezi kusema alikuwa na ugonjwa gani. Lakini tunajua kwamba glakoma hutembea katika ukoo. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeipata yuko katika hatari kubwa kuliko wengine. Vilevile tunajua kwamba sisi watu wa asili ya Kiafrika huipata mara nyingi zaidi, na mapema zaidi, kuliko Wazungu. Kuhusu kusoma usiku, hapo mshairi alikosea. Kusoma huchosha macho, lakini hakuleti glakoma. Kwa hiyo mzazi asimnyang'anye mtoto kitabu kwa hofu hiyo.

Tiba ya Zamani

Matabibu wa karne ile hawakuwa na njia ya kutazama ndani ya jicho. Waliligawa giza katika mafungu mawili tu: lile lenye kitu kinachoziba mboni, na lile ambalo jicho linabaki safi. Fungu la pili hawakulijua chanzo chake wala dawa yake. Milton alinyweshwa dawa nyingi, na ngozi yake ilitobolewa ili uchafu uliodhaniwa kuwa mwilini upate kutoka. Walioandika maisha yake kwanza walidhani matibabu hayo yaliharakisha upofu.

Ilipita karibu miaka mia mbili kabla ya Mjerumani Hermann von Helmholtz kutangaza, mwaka 1851, kifaa cha kutazamia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Ndipo madaktari walipoweza kuuona ule mshipa. Mwaka 1857 Mjerumani mwingine, Albrecht von Graefe, alieleza upasuaji wake wa glakoma ya ghafula, naye hakuwa amefika hata miaka thelathini. Milton alikuja mapema mno. Sisi hatukuja mapema.

Waliosema Ni Laana

Maadui wa Milton walifurahi. Waliandika hadharani kwamba Mungu amempiga kwa upofu kwa sababu aliitetea damu ya mfalme. Alijibu mwaka 1654. Alisema amejichunguza na haoni kosa lililomletea hali hiyo. Akataja watu wema wa kale waliopofuka, akiwemo Isaka baba yetu. Akamalizia kwa ushuhuda wa Kristo mwenyewe juu ya yule mtu aliyezaliwa kipofu, kwamba si yeye aliyetenda dhambi wala wazazi wake.

Ndugu zangu, maneno ya maadui wale tunayasikia hata vijijini kwetu. Mtu akipofuka, huyu husema amerogwa, yule husema ni laana ya ukoo. Wakati watu wanatafuta aliyeroga, ule mshipa unaendelea kufa.

Kazi Kubwa Gizani

Milton alioa tena mwaka 1656, akamwoa Katherine Woodcock. Kabla ya miaka miwili kutimia mke huyo naye akafariki, na mtoto wao mchanga akamfuata. Mwaka 1660 ufalme ulirudishwa. Milton alijificha, vitabu vyake vikachomwa moto hadharani, naye akawekwa kizuizini kwa muda. Marafiki walimwombea, mmojawapo akiwa mshairi na mbunge Andrew Marvell, akaachiliwa mwezi Desemba mwaka huo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, kipofu, fedha zake nyingi zimepotea, na upande wake umeshindwa. Mtu wa kawaida angesema kazi yake imekwisha.

Hapo ndipo alipoendelea na utenzi wake mkubwa, Paradise Lost, yaani Paradiso Iliyopotea. Mistari ilimjia usiku na alfajiri, akaihifadhi kichwani. Asubuhi alingoja mtu wa kumwandikia, na mwandishi akichelewa alilalamika kama ng'ombe aliyejaa maziwa anayengoja kukamuliwa. Waliomwandikia na kumsomea walikuwa marafiki, wanafunzi, jamaa, na yeyote aliyepita. Hivyo ndivyo zaidi ya mistari 10,000 ilivyotoka gizani.

Lakini tuseme na upande wa pili. Mabinti zake wawili, Mary na Deborah, walifundishwa kutamka maneno ya Kilatini, Kigriki, Kiebrania na lugha nyingine, bila kufundishwa maana yake, ili wamsomee baba. Fikirini binti mdogo akisoma saa nyingi kitabu asichokielewa hata neno moja. Walichoka, na chuki ikaingia. Mwishowe wakaondoka nyumbani kwenda kujifunza kazi ya kudarizi. Baba aliyeona mbali katika utenzi hakuuona uchungu wa watoto wake. Mwalimu yeyote wa vijijini amewahi kuwa na mtoto asiyefika darasani kwa sababu ndiye anayeishika fimbo ya babu yake kipofu. Upofu wa mmoja huchukua na maisha ya mwingine, tena mara nyingi huyo ni mtoto.

Mwaka 1663 Milton alimwoa Elizabeth Minshull, aliyemtunza hadi mwisho. Tauni ya mwaka 1665 iliwafanya wahamie kijiji cha Chalfont St Giles. Moto mkubwa wa mwaka 1666 uliiteketeza nyumba aliyozaliwa. Utenzi ulichapishwa mwaka 1667, na malipo ya kwanza aliyopewa na mchapaji yalikuwa pauni tano. Mwaka 1671 alitoa tungo nyingine mbili, moja juu ya Samsoni, yule shujaa aliyeng'olewa macho. Alifariki mwezi Novemba 1674, akazikwa katika kanisa la St Giles Cripplegate, London, karibu na baba yake.

La Kufanya Sisi

Kwanza, kila aliyefikia miaka arobaini aende akapimwe macho katika hospitali yenye mtaalamu wa macho, hata kama haumwi na anaona vizuri. Ambaye katika ukoo wake kuna aliyepofuka asingoje arobaini.

Pili, ukiambiwa una glakoma na ukapewa dawa ya matone, itie kila siku kama ulivyoagizwa, maisha yako yote. Wengi huacha baada ya miezi miwili kwa sababu hawaoni nafuu. Dawa hiyo haikuwekwa irudishe kilichopotea. Kazi yake ni kulinda kilichobaki. Ikikushinda kwa bei au ikikuletea shida, mwambie daktari. Iko miale ya leza, na uko upasuaji.

Tatu, usinunue dukani dawa ya macho bila cheti. Baadhi ya matone yanayoondoa mwasho haraka yakitumiwa kwa muda mrefu hupandisha mkandamizo wa jicho. Wala usitie majani au maji ya mizizi jichoni.

Nne, kama nyumbani kwenu kuna asiyeona, mzigo wa kumwongoza na kumsomea ugawanywe kwa wote, na mtoto aachwe aende shule. Na kama huyo asiyeona hajawahi kupimwa, mpelekeni. Huenda ni mtoto wa jicho, naye ataona tena. Ikiwa ni glakoma, basi ninyi watoto na wadogo zake mtakuwa mmejua kwamba zamu yenu ya kupimwa imefika.